Mtu Katika Kaburi la Yago

Kaburi la mwisho katika boma la Turfosa Akech lilitarajiwa kuwa kazi nyepesi, maana Uriri nzima ilijua halina mtu. Lilikuwa kaburi la yago, lile tunda refu zito ambalo Wajaluo huzika badala ya maiti pale maiti inapokosekana. Ogweno, mwana mkubwa wa Turfosa, alizama ziwani upande wa Homa Bay miaka sita nyuma, na ziwa likakataa kumrudisha. Mama yake akalivisha tunda shati la mwanawe, watu wakalia, mchungaji akaomba, likafukiwa kando ya nyumba. Tangu siku hiyo lilikuwa kaburi la Ogweno, na ole wako uliite jina lingine mbele ya Turfosa.

Jumatano asubuhi vijana wa kuhamisha makaburi walikuwa wakichimba huku wakitaniana. Makaburi mengine ya boma hilo yalikuwa yameshaondolewa ili kupisha reli. Cliff, mdogo wake Ogweno, mwendesha bodaboda wa pale sokoni, alisimama kando ya ua akitazama. Mama yao alikataa kutoka ndani. Watu wakasema ni uchungu, kwani ni nani anayeweza kutazama mwanawe akifukuliwa.

Jembe likagusa kitambaa. Msimamizi akawaambia wavute polepole. Likatokeza blanketi, ukingo wake ukafunguka, na badala ya tunda wakaona mfupa wa mguu ukiwa bado ndani ya soksi.

Sajenti Priscilla Maroa wa upelelezi alifika kutoka Migori kabla jua halijawa kali. Alikuwa Mkuria wa Isebania, mama wa makamo, mwenye maneno machache na asiyewapenda watu wanaojibu maswali ambayo hawajaulizwa. Alivua viatu akashuka shimoni mwenyewe. Marehemu alikuwa amelazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kidogo, mkono mmoja chini ya shavu. Blanketi lilikuwa limepindwa vizuri miguuni. Nyuma ya fuvu kulikuwa na ufa mmoja mrefu. Kifuani kulikuwa na kizibao cha kung'aa chenye nembo ya mradi wa reli.

Msimamizi akachungulia, akaona jino la mbele lililokatika nusu, akaketi chini.

"Huyo ni Levi," akasema. "Levi Orina."

Hapo ndipo Uriri ilipoanza kuona haya, na ilistahili. Maana kwa muda wa miezi saba Uriri hiyohiyo ilikuwa imemwita Levi mwizi.

Reli ile, ya kutoka Homa Bay kupitia Migori hadi mpakani na kuingia Tanzania, ilikuwa imewatia watu wazimu wa fidia kabla hata ya taruma la kwanza kulazwa. Watu walipanda miti leo wakidai ni ya babu zao. Walijenga nyumba zisizo na milango. Walichimba makaburi ya watu ambao hawakuwahi kuzaliwa. Kazi ya Levi ilikuwa kutangulia mashine, kwenda boma kwa boma na kutenganisha kweli na uongo. Kazi gani hiyo ya kumpa mtu marafiki? Kisha Ijumaa moja ya mwezi wa tatu akatoweka, pikipiki yake ikaonekana Homa Bay karibu na gati, na watu wakamaliza kesi wenyewe: amekula fidia ya wanyonge, amevuka ziwa. Kanisa lake la Sabato likamwondoa ushirikani. Mkewe, Bochaberi, aliyekuwa akiuza mboga soko la Uriri, akabaki na meza ambayo watu waliipita wakitazama pembeni, na watoto wawili walioitwa wa mwizi.

Priscilla alimkuta mezani pake akifunga mafungu ya managu. Alimweleza bila kuzungusha. Bochaberi akaendelea kufunga fungu alilokuwa nalo mpaka likaisha.

"Kwa hiyo hakuiba?" akauliza.

"Hakukimbia. Mengine bado sijui."

"Madam, nikuombe kitu. Siku ile utajua, uje kanisani useme. Si mimi niseme, mimi nimesema nikachoka. Wewe useme, na hizo nguo za serikali. Watoto wangu wasikie."

"Nikijua, nitakuja," Priscilla akasema. "Sasa niambie kuhusu hiyo pikipiki. Askari waliandika kwamba ilionekana Jumamosi asubuhi, Rodi Kopany, ikielekea Homa Bay. Aliyeiendesha alivaa kofia yake."

"Na mimi niliwaambia haiwezi kuwa Levi. Jumamosi Levi hagusi pikipiki. Kanisani tunaenda kwa miguu hata mvua ikinyesha, watu wanatucheka. Wale askari walinijibu ati mwizi hana Sabato."

Priscilla hakucheka. Kwao walikuwepo Wasabato pia, na alijua kuna watu wanaoweza kudanganya Jumatatu na bado wasiwashe moto Jumamosi. Basi Jumamosi hiyo Levi alikuwa ameshakufa tayari, na pikipiki iliendeshwa na mtu mwingine.

Daktari wa mochari alithibitisha mchana huo kwamba Levi aliuawa. Pigo lilikuwa moja, kutoka juu, la chuma bapa chenye makali, kama jembe.

"Alikuwa mrefu?" Priscilla akauliza.

"Mrefu sana. Ama aliyempiga ni jitu, ama huyu alikuwa ameinama mahali pa chini."

Mkubwa wake, Inspekta Okari, hakuhitaji habari za urefu. Alikuwa ameshamkamata mtu. Machuki, mfanyabiashara wa mahindi, alikuwa na shamba kando ya barabara lenye safu nzima ya makaburi ya saruji, na Levi aliyakataa yote mbele ya mkutano. Siku hiyo Machuki alisimama akasema kwa sauti kwamba Levi mwenyewe atalala katika moja ya makaburi hayo. Mashahidi walikuwa nusu ya kata.

"Ulisema hivyo?" Priscilla akamuuliza.

"Nilisema, madam. Nilikuwa na hasira. Alinifutia ukoo mzima."

"Wewe ulinunua hilo shamba juzi ukitoka Kisii. Ukoo gani ulizikwa hapo?"

Machuki akakuna shingo. "Sawa. Yalikuwa matupu. Saruji juu, udongo chini. Kila mtu alifanya."

"Ijumaa ile ulikuwa wapi?"

"Tarime, kununua mahindi. Nilirudi Jumapili. Muulize dereva wangu, waulize watu wa mpakani." Akainama mbele. "Na nikuulize pia, madam. Mtu ana makaburi yake matupu, yamejengewa vizuri, anatafuta pa kuficha maiti. Kwa nini aende kwa boma la mama mjane, achimbe kando ya dirisha lake?"

"Labda kwa sababu lilijulikana halina mtu."

"Na mbwa? Na huyo mama hana masikio?"

Lilikuwa swali zuri, na Priscilla aliudhika kwamba Machuki ndiye aliyeliuliza. Lilibaki jambo la udongo: kaburi la zamani likifukuliwa, mbona hakuna aliyeona udongo mpya? Hilo alilijibu msimamizi. Wakati ule wathamini walikuwa njiani, na kila boma lilikuwa likirundika udongo upya juu ya makaburi yake ili yaonekane. Udongo mpya ulikuwa kila mahali.

"Na mbona miezi saba hii hamkulifikia kaburi hili?" akauliza.

"Afande, hii reli imehama mara mbili," msimamizi akasema. "Kwanza ilipita hapa, ndiyo maana Levi alikuwa anazunguka huku. Wiki chache baada ya yeye kupotea, wakaisogeza kule chini mtoni Kuja. Kule wakakuta udongo mweusi unaomeza kila kitu, na daraja likawa ghali kuliko pesa waliyokuwa nayo. Kazi ikalala. Juzi ndipo wakairudisha hapa, na safari hii wakaamuru kila kaburi lifunguliwe, hata la yago. Watu walikuwa wameshashukuru Mungu imewapita."

Ijumaa alfajiri Priscilla alikwenda Homa Bay. Karibu na gati, mama mmoja mchuuzi wa samaki alikuwa akipara ngege mahali pale pale alipokaa mwezi wa tatu. Aliikumbuka ile pikipiki.

"Alikuja mapema, akaiegesha hapo. Hakuvua kofia. Akasimama akiangalia maji, mabega yanatetemeka. Nikajua huyu ana mtu wake humu ziwani. Hapa tunawaona wengi, tunawaacha walie."

"Alikuwa mrefu?"

"Aa. Kimo changu tu."

"Hukuwaambia polisi?"

"Walikuja wakaniuliza kama alipanda boti. Nikasema sikuona akipanda. Wakaenda zao." Akatupa magamba ndooni. "Hawakuniuliza kama alilia."

Njiani kurudi Priscilla aliyapima maneno ya yule mama. Machuki hakuwa na mtu ziwani. Lakini kilio cha mgeni gatini si ushahidi, na Okari angemcheka. Akaagiza gari lipitie kaburini.

Aliwaomba vijana wachekeche udongo wote uliotoka shimoni. Walifanya kazi hiyo mchana huo kwa wavu wa kuchekechea mchanga. Msimamizi alishangaa anatafuta nini, maana jembe lililoua lisingekuwa humo.

"Natafuta Ogweno," Priscilla akasema.

"Afande, tunda la miaka sita limeshaoza."

"Shati lilikuwa la nini?"

Msimamizi, aliyehudhuria mazishi yale, akafikiri. "Nailoni. La timu yake ya mpira. Lilikuwa na vifungo hapa shingoni."

"Nailoni haiozi. Vifungo haviozi."

Mpaka saa kumi hawakupata kifungo hata kimoja. Priscilla akasimama ukingoni mwa shimo akiwa ameshika kiuno, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano akatamani kesi hii ingekuwa ya mtu mwingine. Maana muuaji yeyote wa kawaida, awe Machuki, awe jambazi wa barabarani, angelikanyaga lile tunda, au angelirusha kichakani, au angemlaza Levi juu yake na kufukia. Huyu alilitoa. Akalibeba pamoja na shati lake, usiku huo wenye maiti miguuni pake, akalitafutia mahali. Ni nani angefanya hivyo kwa tunda lililooza, kama si mtu ambaye kwake halikuwa tunda?

Akavuka ua.

Nyumba ya Turfosa ilikuwa imebaki peke yake. Majirani wote walikuwa wameshahama, na watu wa mradi walilalamika kwamba bibi huyu amejengewa nyumba nyingine upande wa pili wa barabara na hataki hata kuiona. Wakasema anataka aongezwe fidia. Priscilla alizunguka ukuta taratibu. Chini ya dirisha la chumba cha kulala palikuwa na kipande cha ardhi kilichofagiwa vizuri, kimezungushiwa mawe madogo, urefu wake kama wa mkono wa mtu mzima. Alikitazama kwa muda mrefu, kisha akarudi mlangoni na kubisha hodi.

Ndani walikuwa watatu. Turfosa alikuwa ameketi kitandani sebuleni, mama mzee mwembamba aliyefunga kitambaa kichwani. Cliff alikuwa kwenye kiti karibu na mlango. Na aliyekuwa amekaa kando ya Turfosa, akimshika mkono, ni Bochaberi.

"Nimekuja kumpa pole, madam," Bochaberi akaeleza. "Kaburi la mtoto wake limechezewa. Huyu ndiye mama pekee hakunikimbia hii miezi yote. Kila siku ya soko anakuja kwangu."

Priscilla angependa Bochaberi asiwepo. Hakujua namna ya kumwondoa.

"Mama," akamwambia Turfosa, "pale chini ya dirisha umepanda nini?"

"Mboga."

"Mboga gani hiyo haioti miezi saba?"

Cliff akafanya kama anainuka.

"Kaa, Cliff. Na wewe nitakuuliza. Jumamosi ya Levi ulikuwa gatini Homa Bay. Kuna mama alikuona ukilia. Nikimleta hapa ukasimama mbele yake na kofia ya pikipiki, atasema nini?"

"Nilikuwa kazini Jumamosi."

"Kwa pikipiki ya nani?"

Cliff akamtazama mama yake, na kutazama huko kulitosha.

"Mama, sitaki kuleta vijana wachimbe chini ya dirisha lako," Priscilla akaendelea, sauti imeshuka. "Nikichimba nitapata shati la mpira la Ogweno. Ninajua, na wewe unajua. Usinifanye nimfukue mara ya pili."

Turfosa aliutoa mkono wake mkononi mwa Bochaberi. Aliutoa polepole na kuuweka mapajani mwake.

"Mwache huyo kijana," akasema. "Ni mimi. Yeye alinikuta, nikamwambia aiondoe pikipiki, akaiondoa. Ningemwambia nini tena, na ndiye amebaki?"

"Mama, nyamaza," Cliff akasema.

"Nimenyamaza vya kutosha, nyathina, mwanangu." Akamgeukia Priscilla. "Alikuja Ijumaa mchana. Akasema wakubwa wake wanasema kaburi bila mwili si kaburi, litapitiwa na tingatinga kama jalala. Akasema lazima afungue aone. Nikamkatalia. Akasema ni leo, Jumatatu itakuwa amechelewa. Akachukua jembe langu mwenyewe pale ukutani, akachimba, mimi nimesimama nikimsihi. Alipofika, akaweka jembe kando, akashuka na viatu vyake. Akainama na simu kumpiga picha mtoto wangu. Sikumpata kumzika, afande. Nilipewa hilo tu. Na mtu amesimama juu yake na viatu."

"Ukachukua jembe."

"Nikachukua jembe." Akakaza kitambaa kichwani. "Halafu nikashuka. Nikamtoa Ogweno. Nikaenda kutoa blanketi langu, nikamvua yule kijana viatu, nikamlaza vizuri, kwa ubavu wa kulia, kama mwanamume anavyolazwa. Nilisema, si walitaka kaburi liwe na mtu? Sasa lina mtu. Nilisema hivyo kwa hasira. Hasira iliisha usiku uleule."

Cliff alikuwa amefunika uso. Alisema kutoka nyuma ya viganja kwamba simu aliitupa ziwani, na kwamba aliiacha pikipiki gatini ili watu waseme Levi amevuka. Hakukusudia kulia. Alipoyaona maji akamkumbuka kaka yake.

Bochaberi alikuwa amesimama. Hakupiga kelele. Priscilla alijiandaa kumzuia, lakini hapakuwa na cha kuzuia.

"Ulikuwa unakaa kwa kigoda changu," Bochaberi akasema. "Watu wakinipita, wewe unakaa. Unaniambia nivumilie, Mungu anajua Levi yuko wapi. Na wewe ulikuwa unajua yuko wapi."

"Nilijua."

"Sasa ulikuwa unakuja kufanya nini kwangu?"

"Mimi nimelala miaka sita bila maiti," Turfosa akasema. "Nilijua vile unalala. Sikuwa na uwezo wa kukuambia, na sikuweza kukaa mbali."

Bochaberi akatikisa kichwa kwa muda, kana kwamba kuna kitu sikioni.

"Alipokuwa huko chini, alisema nini?"

"Nimeshasema. Kwamba kaburi bila mwili..."

"Hayo alisema akiwa juu. Huko chini. Alisema nini mwishowe?"

Turfosa alifikiri. "Alisema, 'Lakini mimi, mama.' Akaanza kuinua kichwa. Sikutaka kusikia."

"Alhamisi ile alirudi nyumbani amekasirika, hakula," Bochaberi akasema. Sauti yake sasa ilikuwa ya mtu anayesimulia jambo la mtu mwingine. "Wakubwa wake walikuwa wamefuta makaburi yote ya yago. Aliniambia kuna mama fulani, hakuniambia boma gani, amezika shati la mtoto wake. Akasema, 'Nikipata picha ya hilo shati nitawawekea mezani. Aliyevishwa na mama yake ni mtu, watamhamisha kama mtu.' Alitaka aimalize hiyo kazi kabla ya Sabato. Mimi ningewaambia polisi, lakini polisi waliniuliza tu kama nimeona pesa."

Nje, mashine moja ya mradi ilizimwa.

"Angeniambia," Turfosa akasema.

"Alikuwa anakuambia."

Priscilla akamsomea mama mzee haki zake, yeye na mwanawe, kwa maneno yaleyale aliyoyasoma mara nyingi. Akamwambia Bochaberi kwamba kesho ni Jumamosi, na atakuja kanisani na sare yake.

"Waambie alikuwa akimpigania Ogweno," Bochaberi akasema. "Walitaje na hilo jina."

Askari alimtoa Cliff kwanza. Turfosa alijaribu kuinuka akashindwa, akajaribu tena akishika ukingo wa kitanda. Priscilla akamshika mkono mmoja. Bochaberi, bila kufikiri, akamshika wa pili, na wakamtembeza hivyo mpaka uani, wakapita kando ya dirisha, mama mzee akigeuza shingo kutazama yale mawe hadi yalipofichwa na ukuta. Walipofika kwenye gari Bochaberi alitazama chini akauona mkono aliokuwa ameushika. Akauachilia, akajifuta viganja kwenye sketi, akaenda zake nyumbani kuwatayarishia watoto nguo za kanisani.